Miti ya kumbukumbu ya mashujaa wa Vita vya Kagera: ipandwe lini, mti gani, na majina yawekwe wapi

Swali la msomaji: "Katika kata yetu wilayani Muleba tuko familia 16 zilizopoteza vijana kwenye Vita vya Kagera. Serikali ya kijiji imetupa nusu ekari ya rweya (uwanda wa nyasi) karibu na shule ya msingi. Tumekusudia kupanda mti mmoja kwa kila shujaa, siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Baadhi yetu wanataka mikaratusi kwa sababu inakua upesi. Tupande mti gani, tuupandeje, na majina tuyaweke vipi?"

Ndugu msomaji, tuanze na tarehe, maana hiyo peke yake inaweza kuwaulia miti yote 16.

Tarehe 25 Julai huku kwenu ni katikati ya kiangazi. Masika yameisha Mei, na mvua za vuli hazitegemewi kabla ya Septemba. Mche uliolelewa kitaluni umezoea kivuli na maji ya kila siku, na mizizi yake yote bado imo ndani ya kiriba, yaani mfuko wake wa plastiki. Ukiuhamishia rweyani Julai, unapigwa jua na upepo kwa wiki sita au zaidi huku mizizi haijapata nafasi ya kuingia kwenye udongo wa pembeni. Majani yanapoteza maji kuliko mizizi inavyoweza kuvuta. Wageni wakishaondoka na ndoo za maji zikaacha kuja, mche unakauka kuanzia ncha, na mchwa wanamalizia. Ndiyo maana miti mingi ya sherehe hufa ingawa ilipandwa na watu wenye nia njema kabisa.

Tenganisheni sherehe na upandaji. Tarehe 25 Julai kusanyikeni uwanjani, someni majina, wekeni vigingi mahali pa kila mti, na kila familia ichimbe shimo lake. Hiyo ni kazi ya heshima na ni kazi ya kiangazi kweli, kwa sababu shimo lililokaa wazi wiki kadhaa hupata hewa na jua. Kupanda kwenyewe kusubiri mvua za Septemba au Oktoba, pale ambapo ukichimba sentimita 30 unakuta udongo umelowa mpaka chini. Mti uliopandwa mwanzo wa vuli unapata vuli nzima, unavuka kipindi kifupi cha Januari na Februari, kisha unapata masika yote. Unafika Juni ukiwa na mizizi ya miezi minane. Uliopandwa Machi una miezi mitatu tu. Kama mnataka sherehe kubwa yenye wageni rasmi, ifanyeni 25 Julai ya mwaka unaofuata, miti ikiwa imeshika na mawe ya majina yamesimama.

Kuhusu mkaratusi, ni kweli unakua upesi, lakini Muleba kila mtu anaujua kama nguzo, kuni na fedha. Ukifika unene wa nguzo, atatokea mtu wa kuuliza kwa nini usikatwe, na siku familia ina shida ya ada swali hilo litakuwa gumu. Unanyang'anya maji na rutuba ya mashamba ya jirani, na matawi yake makubwa huweza kudondoka bila upepo, jambo la hatari karibu na shule. Mkrismasi, ambao wengi huupenda kwa maua yake mekundu, una matawi dhaifu na mizizi ya juujuu inayoinua saruji. Nao uacheni.

Kabla ya kuchagua, chimbeni mashimo ya majaribio matatu, kila moja kwenda chini mita moja: moja juu ya kiwanja, moja katikati, moja chini. Udongo wa rweya kwa kawaida ni mchanga uliooshwa na mvua, wenye tindikali na rutuba kidogo, tofauti kabisa na wa kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, uliolishwa samadi na nyasi kwa vizazi. Mkigonga mwamba au changarawe iliyoshikana kabla ya sentimita 60, eneo hilo halifai mti mkubwa. Ombeni kiwanja kingine sasa, kabla hamjafungamana nacho. Kisha jazeni kila shimo maji. Yakiwa bado yamesimama baada ya saa 24, hapo mizizi itaoza masika.

Mkikuta udongo wa kina, wenye weusi na minyoo wa ardhini, pandeni mringaringa. Ni mti wa asili, una maua meupe ambayo nyuki huyafuata, taji lake ni pana, na hauchokozi migomba. Mkikuta udongo wa kawaida wa rweya, mwepesi na mwekundu, pandeni musizi, ambao Wahaya huuita muhumula. Ni mti wa ukanda huu wa Ziwa Victoria, unanyooka, na udongo ukiuridhisha unaweza kuongezeka mita moja na nusu hadi mbili kwa mwaka katika miaka ya mwanzo. Udhaifu wake ni gome jembamba lisilostahimili moto, na hilo tutalirudia. Msomaji wa mikoa mingine asiuige uchaguzi huu: huko Amani, Usambara, musizi uliopelekwa na watu umesambazwa na ndege hadi kuvamia msitu wa asili.

Mvule ni mti wa fahari na wengi wangeutaka. Lakini mivule michanga iliyopandwa kwa safu kwenye jua kali hushambuliwa na mdudu mdogo anayefanya majani na ncha kuvimba kama vinundu, kisha ncha inaoza na mti unabaki kichaka. Mkangazi una tatizo la kiwavi anayetoboa ncha kuu. Podo, unaoota kwa asili katika msitu wa Minziro wilayani Missenyi, ni mti wa kudumu sana, ila mwendo wake ni wa polepole. Wazee waliowazaa hao vijana wengi wameshafika umri mkubwa, na ni haki yao kukaa kwenye kivuli cha miti hiyo.

Je, mchanganye aina? Kwa msitu tungesema ndiyo. Kwa majina ya watu, hapana. Musizi utakuwa na mita sita huku podo ya jirani ikiwa kiunoni, na mama wa kijana yule ataliona hilo kila akipita. Miti 16 ya majina iwe aina moja, umri mmoja, kutoka kitalu kimoja. Kinga dhidi ya ugonjwa mtaipata kwa kuchukua mbegu za miti mama mitano au zaidi iliyo mbalimbali, badala ya kuokota zote chini ya mti mmoja. Mbegu zikitoka maeneo ambayo vita vilipita, upande wa Kyaka na Missenyi, zitakuwa na maana zaidi. Waaustralia walifanya hivyo: koni ya msonobari iliyotoka uwanja wa vita wa Lone Pine, Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915, ilitumwa nyumbani na askari kwa mama yake, na mche mmoja uliotokana nayo ulipandwa mwaka 1934 kwenye makumbusho ya vita Canberra. Ndani ya hifadhi msichukue mbegu wala kung'oa miche bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Agizeni miche 30 ingawa mnahitaji 16. Kumi na sita mtaipanda, minane mingine iliyo bora ibaki kitaluni kwenye viriba vikubwa kama akiba ya umri uleule, na iliyopinda au dhaifu mtaitoa. Mche mzuri una urefu wa sentimita 40 hadi 60, shina nene kama penseli, ncha moja tu, na majani yaliyoanza kukomaa kwa kupunguziwa maji na kivuli wiki nne kabla ya kuhama. Msivutiwe na mche wa mita moja na nusu. Mizizi yake imeshajizungusha ndani ya kiriba, na mti wa hivyo unaweza kusimama miaka kumi kisha ukang'oka kwa upepo mmoja.

Nusu ekari ni kama mita 45 kwa 45, na hesabu yenu inakaa ndani yake vizuri sana. Wekeni vigingi kila mita 9, kuanzia mita 4.5 kutoka mpaka. Mtapata safu tano zenye nafasi tano, jumla 25. Nafasi za ukingoni ni 16 kamili, moja kwa kila shujaa. Nane zinazofuata ndani ziacheni wazi: hapo ndipo watu watasimama na kukaa. Inabaki moja katikati, umbali wa mita 18 kutoka kila upande wa safu za nje. Pembe za kiwanja zipimeni kwa pembetatu ya kamba yenye pande za mita 3, 4 na 5 ili safu zisipinde. Kama upande mmoja unapakana na barabara kuu au ya mkoa, kumbukeni hifadhi yake inafika mita 30 kutoka katikati ya barabara. Mti ulio ndani ya hapo utakatwa siku ya upanuzi, na hakuna atakayeuliza ulikuwa wa nani. Vivyo hivyo chini ya waya za umeme.

Nafasi ya katikati tunashauri iwe mtoma, mti ule ule uliowapa wazee lubugo, yaani nguo ya magome, na uwe wa wote ambao hawana mti wao: mgambo ambaye jina lake halikuandikwa popote, raia waliouawa kuanzia Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia, na waliopotea bila kaburi. Nchi yetu ina deni la zamani kwa watu wa namna hiyo. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inawakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia bila jina hata moja.

Mtoma haupandwi kwa mbegu. Mwisho wa kiangazi, kabla haujachipua upya, kateni tawi lililonyooka la urefu wa mita 2 na unene wa sentimita 5 hadi 8. Liacheni kivulini siku moja au mbili utomvu ukauke, kisha lisimamisheni sentimita 50 ndani ya ardhi, ncha ya juu ikiwa imekatwa mshazari ili maji yasituame, na mfunike mkato kwa kinyesi cha ng'ombe. Simamisheni matatu karibu karibu, mwaka wa pili mbakize moja lililoshika vizuri zaidi. Tawi likitoka kwenye mtoma uliopo nyumbani kwa mmoja wa mashujaa, litakuwa mti uleule alioukuta yeye. Mizizi yake ni mikali, kwa hiyo tangi, ukuta au kaburi vikae mita 15 mbali nao.

Sasa shimo. Lichimbwe sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Udongo wa juu, ule wa sentimita 20 za kwanza, uwekeni upande mmoja, wa chini upande mwingine. Siku chache kabla ya kupanda, changanyeni udongo wa juu na debe mbili za samadi iliyooza kabisa na gramu 200 za mbolea ya Minjingu. Mbolea hiyo ya fosfeti huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali kama wenu. Kwa mashimo 17 mnahitaji debe 34 za samadi, na kilo tatu na nusu za Minjingu zinatosha. Samadi ikiwa bado ina moto au majani makavu itaunguza mizizi na kuwaita mchwa. Mbolea za Urea au DAP msiweke shimoni.

Rudishieni mchanganyiko, kanyageni kidogo, na simamisheni mche ili pale shina linapokutana na mizizi pawe sawa na uso wa ardhi. Ukizama, shina linaoza. Ukiinuka, mizizi inakauka. Kiriba kitolewe chote. Kosa linalojirudia kuliko yote ni mtu kuchana kiriba chini tu na kupanda na plastiki, na mti wake unadumaa bila sababu inayoonekana. Mizizi iliyojizungusha chini ikatwe kwa kisu kikali, kama sentimita moja. Shindilieni kwa mikono, tengenezeni bakuli la upana wa mita moja, mwageni lita 20 hata kama mvua inanyesha, kisha tandazeni nyasi au majani makavu ya migomba kwa unene wa sentimita 10. Matandazo yasiguse shina. Acheni nafasi ya kiganja pande zote, la sivyo mchwa watapanda kupitia humo.

Mbuzi mmoja anaweza kuharibu kazi ya familia 16 kwa asubuhi moja. Kila mche uwe na kizimba cha nguzo nne za urefu wa mita 2, zilizozikwa sentimita 50, na wavu kuzizunguka, upana wa mita moja ili kuwe na nafasi ya kupalilia. Kwa uzio wa kiwanja kizima, kwa kuwa kuna watoto, epukeni mnyaa, ambao utomvu wake unaumiza macho, na mbono, ambao mbegu zake ni sumu. Michongoma inafaa, ikipunguzwa mara mbili kwa mwaka.

Moto wa rweya ndio adui mkubwa wa musizi. Kila mwaka, kabla ya Juni kuisha, safisheni ukanda wa mita 3 kuzunguka kiwanja mpaka udongo uonekane. Nyasi zilizofyekwa zikiachwa pale pale zinabaki kuwa kuni, kwa hiyo ziondoeni mkazitumie kama matandazo. Kwenye mwezi huo huo ratiba ya maji inaanza: lita 20 kwa kila mti kwa wiki, kwa mkupuo mmoja ili yazame, Juni, Julai na Agosti. Miti 17 inakunywa lita 340 kwa wiki, yaani kama lita 4,400 kwa kiangazi kizima. Kabla ya kuagiza hata mche mmoja, andikeni maji hayo yatatoka wapi na nani atayabeba wiki ya shule ikiwa imefungwa. Mwaka wa pili punguzeni hadi mara moja kwa wiki mbili, mwaka wa tatu kwa miti iliyosinyaa tu. Palizi ya mviringo wa mita moja iendelee miaka yote mitatu. Mti ukitoa ncha mbili, ondoeni moja ikiwa bado laini. Uma ulioachwa hupasuka mti ukishakuwa mkubwa.

Majina yasipigiliwe kwenye mti kwa misumari. Gome linajeruhiwa, fangasi wanaingia, na kadiri shina linavyonenepa linameza kibao chenyewe. Jengeni jiwe la zege mita 2 kutoka kwenye shina, upande unaotazama katikati ya kiwanja, ili mtu asome akiwa amesimama ndani ya uwanja. Ukubwa wa sentimita 40 kwa 40, kimo 50, zikiwemo 20 ndani ya ardhi, uso wa juu ukiwa na mteremko wa kumwaga maji. Mchanganyiko uwe sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Kwa mawe 17 nunueni mifuko 9 hadi 10 ya kilo 50, na zege limwagiliwe siku saba. Shaba na aluminiamu zitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tumieni bamba la granite lililochongwa, lishikizwe ndani ya zege likiwa bichi. Maandishi ya rangi tu yatafutika kwa jua na mvua za Bukoba.

Andikeni jina kamili, kijiji, chombo alichotumikia na mwaka aliofariki. Vita vile vilipiganwa na JWTZ pamoja na mgambo, polisi na magereza, kwa hiyo msiandike JWTZ kwa kila mtu. Pelekeni orodha kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya ili ioanishwe na kumbukumbu za jeshi, linganisheni na makaburi ya mashujaa pale Kaboya, na kila familia itie sahihi tahajia ya jina lake kabla fundi hajachonga. Kosa la herufi moja kwenye granite linauma kuliko gharama ya bamba jipya.

Mpangilio usifuate vyeo. Ballarat, Australia, kati ya 1917 na 1919 walipanda karibu miti 3,800 kwenye barabara ya kilomita 22, mmoja kwa kila aliyejiandikisha kwenda vitani, wakafuata utaratibu wa kujiandikisha, si cheo. Ninyi pigeni kura: kila familia ichukue namba, na namba hiyo iwe nafasi yake kwenye ramani.

Jambo moja lisemwe waziwazi kwenye kikao cha kwanza, kabla ya majembe: jina ni la mahali, si la mche. Hata mkifanya yote haya, msishangae mwaka wa kwanza mche mmoja, miwili au mitatu ikifa. Kama familia haikuambiwa mapema, itasoma kifo hicho kama ishara mbaya juu ya kijana wao, na huzuni iliyotulia miaka mingi itaamshwa upya bila sababu. Wakijua kwamba jiwe linabaki na mche wa akiba wa umri uleule unaingia mvua zinazofuata, watalipokea.

Mwisho, ardhi. Neno la mwenyekiti halitoshi, kwani wenyeviti hubadilika. Kiwanja kipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji kama eneo la matumizi ya jamii, muhtasari uandikwe na kugongwa muhuri, na halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo inayokataza kukata, kuchoma au kuchunga ndani yake, kisha ipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Daftari lenye ramani, namba, majina, chanzo cha mbegu na tarehe ya kupanda liwe na nakala tatu: ofisi ya kijiji, shule, na kamati ya familia. Mkianza taratibu hizo sasa huku kitalu kikiotesha mbegu, miche yenu na karatasi zenu vitakuwa tayari kwa vuli moja.